Robo Inchi ya Raha: Mercury Racing 300R kwa Mara ya Kwanza

Jamani, hii mashine! Asubuhi nzima nimekuwa na Mercury Racing 300R juu ya Ziwa Winnebago, jimbo la Wisconsin, na mpaka naandika haya moyo bado haujarudi mahali pake. Farasi 300. Lita 4.6, silinda nane. Haina supachaja, haina moshi wa buluu, haina habari ya kuchanganya oili na petroli kwenye dumu. Imefungwa nyuma ya boti nyepesi ya faiba ya futi 20, viti viwili, pedeli ya mafuta sakafuni. Ukikanyaga, pua inapanda juu, inashuka, halafu boti nzima inajikung'uta maji na kukaa juu ya kipande cha faiba kisichozidi upana wa sinia ya pilau. Kuanzia hapo kinachogusa ziwa ni hicho kipande, ncha ya chini ya mashine, na sehemu tu ya propela. Vingine vyote viko hewani, na wewe ukiwemo.

Kilichonishika zaidi ni jinsi mashine hii inavyosikia kila robo inchi unayoigusa wakati wa kuifunga. Farasi mtu ananunua dukani. Kasi anaitafuta mwenyewe kwa spana, pimamaji na uvumilivu. Na sijaona mashine inayomlipa fundi wake haraka namna hii.

Mahali penyewe panastahili neno moja. Kusini mwa Winnebago ndipo ulipo mji wa Fond du Lac, makao ya Mercury, na mashine hizi huundwa papo hapo. Kampuni ilianza mwaka 1939 huko Cedarburg, jimbo hilohilo, pale Carl Kiekhaefer aliponunua karakana na kukuta ndani yake injini za boti zipatazo 300 ambazo duka la Montgomery Ward lilikuwa limezikataa kwa ubovu. Akazifungua, akazitengeneza, zikauzika, na duka likataka nyingine. Tangu 1961 kampuni ni mali ya Brunswick, lakini ule wazimu wa Kiekhaefer wa kupenda kasi haujafa. Kitengo cha mashindano kimeuweka hai miaka yote hii, na 300R ni mtoto wa kitengo hicho.

Wapenzi wa boti za kasi tulikuwa na hofu ya kweli. Tulilelewa na injini za mipigo miwili. Mwaka 1976 Mercury walitoa V6 yao ya kwanza, Black Max ya farasi 175, na ukoo wa injini ile ukaendelea kuzaa mashine nyepesi zilizolia kwa sauti ya kukata hewa na kupiga resi kupita mizunguko 7,000 kwa dakika. Zilikunywa petroli kwa pupa, zikatoa moshi, na asubuhi ya baridi zilikataa kuwaka mpaka uzibembeleze. Tulizipenda hivyohivyo. Kisha sheria za hewa chafu zikabana, na Mei 2020 Evinrude, chapa ya injini za mipigo miwili yenye jina la mwasisi wake, Ole Evinrude, ikasimamishwa na wenye mali. Wengi waliona mlango umefungwa: injini ya mipigo minne ni nzito, walisema, ni ya wavuvi na ya watalii, haina damu moto.

300R ilikuwa imeshatangazwa tangu 2018, na leo nimeelewa kwa nini waliokwisha kuipanda walikuwa watulivu wakati wenzao wanalia. Ukigusa pedeli inajibu papo hapo, bila ule usingizi wa sekunde moja uliozoeleka kwenye mashine kubwa za mipigo minne. Kompyuta yake huisogeza cheche mbele kwa kitambo kifupi pale unapokanyaga ghafla, ili boti iondoke majini kwa nguvu zote za chini. Mgongo wangu ulikandamizwa kwenye kiti na ukabaki hapo. Sauti? Ni ya V8 halisi, nzito, ya kifuani, na inapofika mizunguko 6,000 inageuka kuwa wimbo mmoja mrefu. Halafu unaachia mafuta, unarudi gatini polepole, na unaweza kuongea na mwenzako bila kupaza sauti.

Sasa tuje kwenye ufungaji, maana huko ndiko raha yenyewe iliko.

Boti ya aina hii ina umbo la V, lakini nyuma, pale V inapofikia ncha yake, mkuku umekatwa ukawa bapa. Kibapa hicho ndicho boti inachosimamia ikiwa mbio. Kwa hiyo kazi yote ni moja: kuinyanyua boti mpaka ikae pale tu, na kuipandisha mashine mpaka kisichohitajika kisiburutwe majini. Ile gia boksi, lile tumbo la chuma linaloshika propela, ndilo breki kubwa kuliko zote. Kila robo inchi yake inayotoka majini ni kasi ya bure.

Mashine haikufungwa moja kwa moja kwenye ubao wa nyuma. Katikati kuna jeki, bamba nene la aluminiamu linaloisogeza nyuma inchi kadhaa na kuiwezesha kupanda na kushuka kwa haidroliki. Kuisogeza nyuma kuna faida mbili. Maji yanayotoka chini ya boti hupata nafasi ya kuinuka kidogo na kutulia kabla hayajafika kwenye propela, hivyo mashine inaweza kukaa juu zaidi na bado ikapata maji ya kuuma. Tena, uzito ukiwa mbali nyuma, pua huinuka kwa urahisi. Ukizidisha, boti hukaa matako chini wakati wa kuondoka na pua inakuficha upeo wa macho. Mwenye boti hii amehamisha betri zake mbele, karibu na miguu ya abiria, na nadhani ameamua vyema kabisa, kwa sababu V8 ni nzito kuliko V6 za zamani na boti hulisikia hilo.

Kipimo cha kwanza huchukuliwa nchi kavu. Boti iko kwenye trela, kibapa kimesawazishwa kwa pimamaji, mashine nayo imenyooshwa. Unapima kutoka sakafuni hadi kwenye kibapa, kisha kutoka sakafuni hadi katikati ya shafti ya propela. Tofauti ya hivyo viwili ndiyo namba unayoiandika kwa kalamu ya wino kwenye ukuta wa gereji. Wengi huanzia shafti ikiwa inchi 3 chini ya kibapa, kisha hupanda robo inchi, wanaingia majini, wanasoma vipimo, wanapanda tena. Fundi anayeruka inchi nzima kwa mara moja hatajua kasi ilikuja wapi wala ilipotea wapi, na namwomba asinishauri kitu.

Robo ya kwanza tuliyopandisha, GPS iliongezeka. Nikapiga kelele. Ya pili, ikaongezeka tena na usukani ukalegea mkononi, mwepesi, wenye raha. Hapo macho yote yanahamia kwenye geji moja ndogo ambayo mtu asiyejua angeidharau: presha ya maji ya kupoza. Mashine ya boti hupozwa na maji ya ziwa lenyewe. Kwenye gia boksi ya kawaida matundu ya kuvutia maji yako ubavuni, na ukipanda sana yanavuta hewa; sindano inashuka, na dakika chache baadaye una injini iliyoungua. Hii tuliyokuwa nayo ina gia boksi ya Sport Master, ambayo matundu yake yako chini kabisa, puani, kwa hiyo inaendelea kunywa maji hata shafti ikiwa karibu na usawa wa kibapa. Sindano ilisimama kama imegundishwa.

Sport Master ina siri nyingine ninayoipenda kuliko hiyo. Gia boksi butu ikifika kasi kubwa hutengeneza viputo ubavuni mwake, viputo vinarudi nyuma na kuifunika propela, na ghafla propela inashika povu badala ya maji. Mizunguko inaruka, tezi inaponyoka upande. Aliyepatwa na hilo akiwa mbio hahitaji kusimuliwa mara ya pili. Pua ya Sport Master imechongwa kuwa nyembamba, ikipasua maji bila kuyachana, na pezi lake la chini limepindwa kidogo ili kupunguza ule mvuto wa usukani unaosababishwa na mzunguko wa propela. Niliachia usukani nusu sekunde kwenye mwendo wa wastani, kwa ruhusa ya mwenyewe, na boti ikaenda mbele moja kwa moja.

Propela ndipo watu wanapotumia fedha zao na maneno yao. Namba inayosemwa sana ni ya mwendo: propela ya inchi 28 ingesonga mbele inchi 28, yaani sentimita 71, kwa kila mzunguko, kama maji yangekuwa mango. Hesabu yake fundi anaifanya kichwani. Mizunguko 6,400 ya injini, gia ikiwa 1.75 kwa 1, ni mizunguko 3,657 ya propela kwa dakika. Zidisha kwa sentimita 71, utapata kilomita 156 kwa saa. Lakini maji si mango, propela huteleza. Boti iliyofungwa vizuri huteleza asilimia 8 hivi, na hapo unabaki na kilomita 143 na ushee. Iliyofungwa vibaya huteleza asilimia 20, na mwenyewe anaenda dukani kulalamika kwamba mashine haina nguvu! Kabla ya kuilaumu mashine, piga hesabu ya utelezi. Ni namba inayosema kweli kuliko kasi yenyewe, kwa sababu inakuonyesha farasi wako wamepotelea wapi.

Sisi tulianza na propela ya chuma cha pua yenye mapanga manne, ukoo wa Bravo I. Mapanga manne hushika, huinua tezi, huifanya boti ikae imara kwenye kona na kwenye mawimbi mafupi. Baadaye tukafunga ya mapanga matatu. Tabia ikabadilika kabisa! Pua ikapata uhuru, boti ikawa nyepesi, kasi ya juu ikapanda, na kwa malipo ya hayo ikawa inadai dereva aliye macho. Kwa familia na jioni za kawaida ningechukua manne. Kwa asubuhi kama ile, matatu, bila kufikiri.

Kuna jambo ambalo kila mwenye boti ya kibapa lazima akutane nalo. Ukipita kasi fulani, boti inakuwa imesimama juu ya kibapa peke yake, haina kitu cha kuegemea kushoto wala kulia. Inaanza kuyumba: bega la kushoto, bega la kulia, kila mara kwa nguvu zaidi. Ukichelewa, mayumbo yanakutawala. Tiba yake ni mkono: unagusa usukani kidogo sana, mapema sana, kabla bega halijaanguka, na unaendelea kugusa hivyohivyo. Ndiyo maana boti hii ina usukani wa haidroliki usio na hata chembe ya ulegevu. Ndiyo maana pia pedeli iko sakafuni na kitufe cha kuinua na kushusha pua kiko kwenye nguzo ya usukani, ili mikono isiondoke pale inapohitajika. Dereva anakaa kulia kwa sababu propela inayozunguka kulia huisukuma boti ilale kushoto, na uzito wake unairudisha. Hakuna kitu ndani ya boti hii kilichowekwa kwa urembo tu.

Ikikushinda, achia mafuta taratibu. Taratibu! Anayeachia ghafla huangusha pua majini, na boti huweza kuuma maji na kugeuka. Na mtu anayezidisha kuinua pua akitafuta kilomita mbili za mwisho anaupa upepo nafasi ya kuingia chini ya boti. Kuna mstari pale, na upepo wa mbele unausogeza kila dakika.

Kamba ya kuzimia injini ilikuwa imefungwa kwenye koti la kuokolea la dereva tangu gatini. Marekani ni sheria tangu Aprili 1, 2021 kwa boti zilizo chini ya futi 26, na ni mojawapo ya sheria ninazozishangilia. Dereva akirushwa nje, injini inazimika hapo hapo. Bila kamba hiyo boti hubaki ikizunguka na propela yake ikimtafuta aliyeanguka. Koti lenyewe liwe la kasi kubwa, lililofungwa mikanda ya kutosha. La kawaida maji hulivua mwilini ukianguka kwa mwendo huu.

Winnebago lenyewe ni ziwa gumu la kujaribia. Ni pana, zaidi ya kilomita za mraba 500, lakini kina chake cha juu kabisa ni mita 6 na ushee, na maji ya kina kifupi hukasirika upesi. Upepo ukiamka, mawimbi yanakuja mafupi na yaliyosimama. Tuliwahi alfajiri, tukapata kile kila mpenda kasi anachokiomba: mikunjo midogo midogo juu ya maji. Maji laini kabisa hunata kwenye faiba. Mikunjo huingiza hewa chini ya boti na kuiachia. Baridi nayo ilitusaidia, kwa kuwa hewa ya baridi ni nzito na injini isiyo na supachaja huishi kwa hewa inayoivuta yenyewe.

Msomaji wa Dar, najua unachowaza, kwa sababu hata mimi nilikiwaza: kutoka hapo hadi Unguja ni kilomita 70 na ushee, kwa kasi hii ni nusu saa tu. Tafadhali usijaribu. Boti ya kibapa ya futi 20 haina haki ya kuwa kwenye mkondo ule. Kusi ingeivunja mgongo kabla hujapoteza Dar machoni. Lakini maarifa yake yanavuka bahari bila shida. Boti za faiba zinazobeba abiria kati ya Mokowe na Lamu, na zile za wavuvi zenye Yamaha ya farasi 40, ziko chini ya kanuni hizihizi. Mashine iliyokaa chini mno inaburuta tumbo lake majini safari nzima na kuchoma petroli kwa hilo. Ipandishe kidogo kidogo, kwa kipande cha ubao chini ya mabano yake, mpaka propela ianze kuteleza kwenye kona, kisha rudisha nyuma hatua moja. Angalia daima kwamba maji ya kupoza yanatoka. Ni kazi ya asubuhi moja, na sioni kwa nini nahodha anayelipia kila lita kwa jasho lake asiifanye.

Nina malalamiko? Uzito, nilishausema. Boti nyingi zilizosifika enzi za mipigo miwili hazikujengwa kubeba mashine hii, na bamba lililopigiliwa na mtengenezaji likisema farasi 200, basi ni 200. Ubao wa nyuma ukipasuka mbioni hakuna fundi atakayekusaidia. Watakaoililia harufu ya oili iliyoungua, nawaelewa, ila pua yangu imeridhika na hewa ya ziwa. Na wale wanaouliza kwa nini wasiruke moja kwa moja hadi 450R ya 2019, yenye supachaja na uzito wa kilo 313: kwa boti kubwa za matumbo mawili zinazofungwa mashine mbili au zaidi, ndiyo, kwa moyo wote. Kwa boti ya mashine moja na viti viwili, 300R ndiyo ninayoitaka mimi. Inaacha nafasi kwa dereva kujifunza, na bado inamtisha pale inapopaswa.

Kwa propela ya mapanga matatu ya inchi 28 tuligusa mizunguko 6,400, ambayo ndiyo mwisho wa ruhusa ya mashine hii. Sehemu yake ya kazi ni kati ya 5,800 na hapo. Maana yake propela imekuwa ndogo, na mashine ina nguvu ambayo bado hatujaipatia kazi! Kila inchi ya mwendo unayoongeza hupunguza mizunguko 150 hadi 200, kwa hiyo ya inchi 30 itatuweka kwenye 6,000 na kitu, katikati ya raha yake, na jeki bado ina nafasi ya kupanda. Mwenye boti ameshaiagiza. Nimeshamwambia kiti cha abiria asimpe mtu mwingine.